Tanga Ilipigwa Pwani, Ikalipiwa Bara

Aliyeko Likuyani, Kakamega, maji makubwa anayoyajua ni ya mto Nzoia, na bahari ni habari ya kusikia. Hata hivyo shambulio la Waingereza dhidi ya Tanga, iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani, Novemba 1914, ni historia ya huku pia: pwani vita vilidumu siku chache, bara vikalipiwa miaka minne.

Watu wengi wakiulizwa kwa nini Waingereza walishindwa Tanga, jibu ni nyuki. Kweli walikuwapo. Mizinga ilining'inia mitini (mizinga ya asali, si ya baruti), na milio ya risasi ikawatoa nyuki wakali. Lakini hayo yalikuwa tarehe 4, na nyuki hawakuchagua bendera. Wapiga bombomu wa Kijerumani nao waliumwa. Tarehe 3 asubuhi, kabla ya nyuki, wanajeshi wa kwanza kushuka Ras Kasone walikuwa wameshatimuliwa. Kosa lilianza tarehe 2, manowari Fox ilipoingia bandarini na nahodha wake, Caulfeild, kutangaza kwamba mapatano ya amani kati ya Waingereza na Tanga yamevunjwa, kisha akauliza kama kumetegwa mabomu majini. Mvamizi alipiga hodi! Wakati meli zikitafuta mabomu, reli ilikuwa ikileta askari wa Kijerumani kutoka Moshi. Kamanda wao, Lettow-Vorbeck, alipofika alipanda baiskeli usiku kwenda kuzitazama meli zinavyowaka taa. Watu wake walikuwa kama 1,000. Wa Jenerali Aitken wa Waingereza, waliotoka India, kama 8,000. Tarehe 5 Aitken aliwarudisha melini.

Yuko atakayesema kwamba hata Tanga ingetekwa, Lettow-Vorbeck angekimbilia porini, kama alivyofanya baadaye. Hoja hiyo ina uzito, wala sidai kwamba vita vingeisha Krismasi. Ila porini angeingia na nini? Askari wake wengi walibeba bunduki za mwaka 1871, zenye moshi unaomfichua mpigaji. Ufukweni Waingereza waliacha bunduki za kisasa 455, bombomu kadhaa na risasi 600,000. Hivyo ndivyo vilivyompa pumzi, naye hakusalimu amri hadi tarehe 25 Novemba 1918.

Vita vya porini, kusiko na reli na kwenye mbung'o wauao punda na ng'ombe, hubebwa kichwani. Mwaka 1917 John Ainsworth alipewa kazi ya kukusanya wapagazi kwa wingi, na Kavirondo Kaskazini, ambayo Kakamega ilikuwa ndani yake, ikatoa vijana wake. Wengi hawakuuawa na risasi. Walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wakaupika haraka kwa kuni mbichi, wakashikwa na kuhara damu. Hesabu rasmi inataja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, na wanahistoria wengi wanaiona ni ndogo. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam.

Mwaka 1919 serikali ya kikoloni iligawa mashamba kwa walioshiriki vita, yakiwemo ya Trans Nzoia, jirani na Likuyani. Waliopewa ni Wazungu. Mpagazi aliyerudi Kakamega hakupata hata ekari moja.