Ngoma Ivumayo Ikadumu: Santuri za Zamani Kando ya Ziwa George

Wahenga walisema kuwa ngoma ivumayo haidumu. Methali hii tumeifundisha kwa miaka mingi, na wanafunzi wetu wameieleza katika mitihani pasipo kuitilia shaka. Lakini mtu akishuka Kahendero, kijiji cha wavuvi kilichoko kando ya Ziwa George katika wilaya ya Kasese, atakuta jambo linaloipinga. Wakati wa alasiri, nyavu zikiisha kuanikwa na mitumbwi ikiisha kupandishwa ufukoni, husikika kutoka dukani gita lililopigwa Nairobi zaidi ya miaka arobaini iliyopita. Kijana apimaye samaki, ambaye siku gita lile lilipopigwa hata mama yake alikuwa bado mtoto, huufuata wimbo neno kwa neno. Pengine ni "Shauri Yako" wa Orchestra Super Mazembe, pengine ni "Sina Makosa" wa Les Wanyika. Ngoma hizo zilivuma mno katika siku zao, na hadi leo hazijapasuka. Kwa nini?

Huenda msomaji akadhani kuwa hili ni swali la starehe tu, lisilostahili kurasa za walimu. Sisi tunaliona kuwa ni swali la lugha. Katika sehemu hii ya magharibi ya Uganda, watu wengi walikipenda Kiswahili kwa njia ya santuri kabla hawajakiona ubaoni. Na wako waliokipenda kwa njia hiyo baada ya kukichukia kwa njia nyingine. Tukitaka kujua kwa nini nyimbo hizo zimedumu, yatupasa kwanza tukumbuke hali ya lugha yenyewe ilivyokuwa.

Historia ya Kiswahili nchini Uganda ni historia ya amri na mashaka. Mnamo mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza kitumiwe zaidi katika shule na katika utawala. Wakubwa wa Buganda hawakukubali, na mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa alitoa maandishi ya kulipinga shauri hilo. Wamisionari wengi nao walikuwa upande wake. Kiswahili kikabaki katika jeshi, katika polisi na katika vikosi vya kazi. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ikakitangaza kuwa lugha ya taifa, lakini tangazo hilo halikuleta vitabu wala walimu. Lililosikika zaidi masikioni mwa raia ni sauti ya askari kizuizini akiuliza, "Wewe unatoka wapi?" Serikali hiyo ilipoanguka Aprili 1979, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kubandikwa jina baya: lugha ya bunduki.

Hata hivyo, Kasese ilikuwa na mlango mwingine. Mwaka 1956 reli ilifika Kasese kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na pamoja na reli wakaja wafanyakazi wa makabila mengi ambao hawakuwa na lugha moja ya mama. Upande wa magharibi, pale Mpondwe karibu na Bwera, ndipo mpaka wa Kongo ulipo. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule ni ndugu wa damu, na lugha zao zinakaribiana sana. Lakini mfanyabiashara atokaye Beni au Butembo huja pia na Kiswahili cha Kongo, ambacho hakikuvaa sare ya jeshi. Ni Kiswahili cha kupimiana maharagwe, chumvi ya Katwe na samaki wakavu. Kwa hiyo watu wa hapa walikijua Kiswahili kwa sura mbili: kimoja kilikuja na amri, kingine kilikuja na soko. Santuri zilipofika, zilikikuta hiki cha pili kimekwisha kuwatengenezea njia.

Na sasa tuwatazame waliozitengeneza. Wengi wao walikuwa wasafiri. Super Mazembe ilianzia Kongo katika miaka ya 1960 kwa jina la Super Vox, chini ya uongozi wa Mutonkole Longwa Didos. Ilipita Zambia na Tanzania, ikafika Nairobi mwaka 1974. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson Kinyonga na George Kinyonga, nao walifika Nairobi mapema katika miaka ya 1970 wakaunda Simba Wanyika, na mwaka 1978 baadhi ya wapigaji wao wakajitenga wakaanzisha Les Wanyika. Tena yuko Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi karibu na bahari ya Atlantiki. Aliimba Kinshasa, akaelekea mashariki ya Kongo, akaingia Uganda, na katikati ya miaka ya 1970 akawa na kundi la Les Kinois mjini Kampala. Mwaka 1977 walihamia Nairobi. Baadaye Mapangala aliunda Orchestra Virunga, na mwaka 1982 ikatoka albamu yake ya kwanza, yenye wimbo uitwao "Malako".

Jina hilo la Virunga si geni kwetu. Ni jina la milima ya volkeno iliyo kusini ya hapa, na tangu mwaka 1969 ni jina la hifadhi ya wanyama ya Kongo inayopakana na hifadhi ya Queen Elizabeth, ambayo ndani yake kimo kijiji cha Kahendero. Bendi ikapigia Nairobi, lakini jina lake lilikuwa jina la jirani. Mgeni njoo, mwenyeji apone: hao waliokuja Kenya na Uganda wakitafuta riziki ndio walioiponya lugha ya wenyeji.

Turudi sasa kwenye swali letu. Kwa maoni yetu, sababu za kudumu kwa santuri hizo ni tatu.

Sababu ya kwanza ni umbo la wimbo. Santuri ndogo ya siku zile ilikuwa na dakika chache tu kila upande. Wanamuziki waliugawa wimbo mmoja pande mbili. Upande wa kwanza ulikuwa wa maneno: mwimbaji huanza polepole, wenzake humwitikia, kisa kikaelezwa. Upande wa pili magita huachiliwa katika sebene, na maneno yakapungua. Gita la kwanza husema, la pili hujibu, la tatu hushikilia mdundo, na besi huzunguka chini yao. Ni mazungumzo ya baraza. Msikilizaji aliyekosa kuyaelewa maneno ya upande wa kwanza hakukosa kitu katika upande wa pili. Na kwa kuwa alitaka kuusikia wote, alirudia santuri mara nyingi hata maneno yenyewe yakamwingia. Sisi walimu tunajua thamani ya kurudia. Lakini ni nani katika sisi ambaye wanafunzi wake wamemwomba arudie somo mara ishirini kwa siku moja?

Sababu ya pili ni lugha nyepesi. Mtu aliyejifunza Kiswahili njiani hawezi kujificha nyuma ya misamiati mizito. Husema alichonacho: mapenzi yaliyoharibika, fitina ya majirani, deni, safari, mke aliyeachwa nyumbani. Nyimbo za Wanyika zilitoka kwa watu wa Tanga, ambao Kiswahili kilikuwa chao tangu utoto, nazo ziliweza kuwa na ufasaha pasipo kumwacha nyuma msikilizaji. Nyimbo za Wakongo zilichanganya Kiswahili na Kilingala, na mchanganyiko huo ndio uliozungumzwa sokoni Mpondwe. Msikilizaji wa Kasese hakuhisi kuwa anafundishwa. Alihisi kuwa anazungumzwa yeye.

Sababu ya tatu ni uhaba. Hapa yafaa tutazame mbali kidogo, kwa maana jambo hili halikutokea kwetu peke yetu. Katika miaka hiyo hiyo, Uingereza ilikuwa na vijana waliokuja baada ya kishindo cha muziki wa panki, wakakaa katika miji ya viwanda iliyokuwa ikipoteza kazi. Joy Division wa eneo la Manchester walitoa albamu yao ya kwanza, Unknown Pleasures, mwaka 1979. Gang of Four wa Leeds walitoa yao mwaka huo huo. Wengi wa vijana hao hawakuwa mafundi wa kusifika, wala hawakuwa na fedha za studio. Walipiga nyuzi chache kwa uangalifu mkubwa, wakaacha nafasi tupu ambapo wengine wangejaza kelele. Hadi leo vijana wa huko huzitafuta albamu hizo za mwanzo, na mara nyingi huzipenda kuliko zile zilizofuata pesa zilipopatikana.

Wapigaji wetu hawakufanana na hao kwa ufundi, maana mpiga gita wa Kikongo alikuwa fundi aliyeiva. Walifanana kwa uhaba. Walirekodi kwa saa chache, wote pamoja chumbani, kwa sababu studio ililipiwa kwa saa. Na aliyekosea aliikosesha bendi nzima. Wengi waliishi ugenini kwa vibali vya kazi visivyo na uhakika, na katika miaka ya 1980 baadhi yao walivikosa kabisa wakatawanyika. Mtu asiyejua kama mwakani atakuwepo hupiga kana kwamba ndiyo mara ya mwisho. Uharaka huo umebaki ndani ya santuri, na sikio la kijana wa leo huutambua hata asipojua ulitoka wapi. Wala tusidhani kuwa dunia hizi mbili hazikukutana. Kampuni ya Virgin ya London, ambayo mwaka 1979 ilitoa Metal Box ya kundi la Public Image Ltd, santuri tatu ndani ya kopo la bati, ndiyo iliyotoa mapema katika miaka ya 1980 albamu ya Super Mazembe iitwayo Kaivaska. Na mwaka 1990 kampuni ya Earthworks, ya London pia, ikatoa Virunga Volcano, yenye nyimbo za siku za mwanzo za Orchestra Virunga.

Hapa tuna la kuungama. Sisi tulioanza kazi ya ualimu tukiwa na stashahada mpya na kamusi mkononi tuliziona nyimbo hizi kuwa ni adui. Ngeli zilipotea, viambishi vilirukwa, na mwanafunzi aliyeandika kama alivyoimba alipata alama za chini. Tuliwakataza wasiimbe darasani. Kusahihisha hatukukosea, kwani sanifu ni sanifu. Tulikosea kutouliza kilichomfanya mtoto yule atake kusema Kiswahili hata kabla ya kutuona. Mzee mmoja mvuvi wa Kahendero alitujibu swali ambalo hatukuwa tumeliuliza. Alisema kuwa ujana wake wote alikiogopa Kiswahili, kwa kuwa kila alipokisikia ilimbidi atoe karatasi mfukoni. Kisha jirani yake akanunua gramafoni. "Nikasikia mtu analia kwa Kiswahili kwa ajili ya mwanamke," alisema. "Nikajua kumbe nayo ni lugha ya watu."

Ndugu walimu, hatujapata kusikia utetezi wa lugha uliozidi huo.

Leo mambo yamebadilika kwa karatasi. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Sisi tunaifurahia hatua hiyo. Ni haki iliyocheleweshwa. Lakini historia tuliyoieleza inatuonya. Amri ya mwaka 1973 ilikuwa amri pia. Lugha inayoingia kwa amri tupu hukaa mlangoni, na siku amri inapoondoka, nayo huondoka. Lugha iliyoingia kwa hiari hukaa jikoni.

Basi tunatoa mashauri mawili. Kwanza, tusione haya kuziingiza santuri hizi darasani. Mwanafunzi asikilize, aandike alichosikia, kisha yeye mwenyewe atafute palipopotoka ngeli na aseme kwa nini. Atajifunza sanifu pasipo kudharau Kiswahili cha mama yake. Pili, tuzitafute santuri zenyewe zingali zipo. Joto na vumbi vimezipinda nyingi, kanda nazo zimeliwa na ukungu, na wazee wanaokumbuka nani alileta gramafoni ya kwanza kijijini wanapungua kila mwaka. Rumba ya Kongo iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwezi Desemba 2021, baada ya maombi ya nchi mbili za Kongo. Sehemu ya urithi huo iliyosema Kiswahili, na iliyowafariji watu wa kando ya Ziwa George, haitaandikwa na mtu mwingine tusipoiandika sisi.

Wahenga hawakusema uongo. Ngoma ivumayo kwa kupigwa nguvu hupasuka. Lakini ngoma iliyopigwa na msafiri mwenye njaa, kwa lugha aliyoiokota njiani, akiwapigia wasafiri wenzake, hiyo bado inalia Kahendero. Tuisikilize, kisha tuingie darasani.