Kampuni za Kigeni na Mfumo wa Uaminifu wa Kibiashara nchini China: Mambo ya Kuandaa Mapema

Kampuni ya kigeni inapopata leseni ya biashara nchini China hupewa namba ya utambulisho yenye alama 18, ambayo huitumia katika uhai wake wote. Chini ya namba hiyo hukusanywa taarifa za usajili, kodi, forodha, mazingira, mashauri ya mahakamani na adhabu za kiutawala. Mkusanyiko huo ndio kiini cha Mfumo wa Uaminifu wa Kijamii kwa upande wa kampuni. Uzoefu unaonesha kuwa matatizo mengi ndani ya mfumo huo hayaanzii katika makosa makubwa, bali katika mambo madogo kama anuani iliyosahauliwa au taarifa ya mwaka iliyochelewa.

Neno la Kichina xinyong, ambalo ndilo msingi wa jina la mfumo huo, lina maana ya uaminifu na pia hutumika katika masuala ya mikopo. Ndiyo maana baadhi ya tafsiri huuita mfumo wa “mikopo ya kijamii”, jina linalopotosha. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayechukua bidhaa kwa mali kauli angelielewa neno hilo kwa urahisi zaidi, kwani hupewa mzigo bila fedha mkononi kwa sababu mwenendo wake unajulikana sokoni. Tofauti ni kwamba nchini China mwenendo huo huandikwa na mamlaka za serikali na sehemu yake kubwa huwekwa hadharani.

Msingi wa mfumo huo ni mpango uliotolewa na Baraza la Serikali la China mwezi Juni, 2014, uliohusu kipindi cha kuanzia mwaka huo hadi 2020. Namba ya utambulisho ya alama 18 ilianza kutumika mwaka 2015 na kuchukua nafasi ya namba tofauti ambazo kampuni ilipewa na kila ofisi. Mwezi Desemba, 2020, Baraza hilo lilitoa mwongozo uliozitaka mamlaka zote, za kitaifa na za mikoa, kutokusanya taarifa wala kutoa adhabu nje ya orodha zilizoidhinishwa, baada ya kubainika kuwa baadhi ya maeneo yalikuwa yanapanua mfumo kupita kiasi.

Ni muhimu kuondoa dhana moja iliyoenea. Hakuna alama moja ya jumla ambayo kila kampuni hupewa na serikali kuu, ikipanda na kushuka kama bei ya hisa. Kilichopo ni madaraja na orodha nyingi, kila moja ikiwa chini ya mamlaka yake, zinazounganishwa na namba ileile ya utambulisho. Kampuni inaweza kuwa na daraja la juu kabisa katika kodi na wakati huohuo ikawa na dosari kwa mamlaka ya mazingira. Kwa hiyo swali la “tuna alama ngapi?”, ambalo wakurugenzi wengi hupenda kuliuliza, halina jibu. Swali lenye jibu ni: ni mamlaka gani zinatuandikia rekodi, na zimeandika nini?

Katika kodi, walipakodi hupangwa katika madaraja ya A, B, M, C na D. Daraja la A huanzia alama 90, B ni kuanzia 70, C ni kuanzia 40, na chini ya hapo ni D, ilhali M liliongezwa mwaka 2018 hasa kwa ajili ya kampuni changa. Matokeo hutolewa kila mwaka mwezi Aprili. Kampuni ya daraja la D hubanwa katika upatikanaji wa ankara za kodi, na bila ankara hizo biashara nchini China husimama, kwa kuwa mnunuzi hawezi kurejeshewa kodi yake. Utaratibu uliowekwa mwaka 2014 ulikwenda mbali zaidi: kampuni mpya inayosajiliwa na mtu aliyehusika moja kwa moja na kuanguka kwa kampuni ya daraja la D nayo huanza na daraja hilohilo.

Katika forodha, kanuni zilizoanza kutumika tarehe 1 Novemba, 2021 zilitambua kampuni zilizothibitishwa kwa kiwango cha juu, kampuni zisizoaminika, na nyingine zote zilizo katikati. Zilizothibitishwa, ambazo wengi huzifahamu kwa kifupi cha AEO, hukaguliwa mizigo kwa nadra na huhudumiwa kwanza. Ili kufikia hadhi hiyo, kampuni hulazimika kuthibitisha kuwa hata washirika wake, wakiwemo wasafirishaji na wenye maghala, wanazingatia usalama wa mizigo. Aidha, China imeingia makubaliano ya kutambua hadhi hiyo na nchi nyingine, Uganda ikiwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizomo.

Kwa upande wa mazingira, utaratibu wa mwaka 2013 ulipanga kampuni kwa rangi za kijani, bluu, njano na nyekundu.

Eneo linalowagusa wengi zaidi, na ambalo kampuni ndogo za kigeni hulipuuza, ni lile la usajili wa kawaida. Kila kampuni hutakiwa kuwasilisha taarifa ya mwaka kupitia mfumo wa kitaifa wa kutangaza taarifa za uaminifu wa kampuni, kati ya tarehe 1 Januari na 30 Juni. Taarifa hiyo hujumuisha anuani, simu, hali ya uendeshaji na michango ya mtaji ya wanahisa. Mabadiliko ya baadhi ya mambo, kama vile uhamishaji wa hisa, kupata leseni au kupewa adhabu, hutakiwa kutangazwa ndani ya siku 20 za kazi bila kusubiri taarifa ya mwaka. Msomaji anayefahamu wajibu wa kuwasilisha ritani za mwaka BRELA ataona mfanano, ingawa athari za kuchelewa ni tofauti.

Kampuni isiyowasilisha taarifa hizo, inayotangaza taarifa za uongo, au isiyopatikana katika anuani yake iliyosajiliwa, huingizwa katika orodha ya kampuni zenye uendeshaji usio wa kawaida. Namna ya kuthibitisha kuwa kampuni haipatikani ni rahisi mno: mamlaka ya soko inaweza kutuma barua mbili kwa njia ya posta, kwa tofauti ya siku zisizopungua 15 na zisizozidi 30, na zote zikikosa mpokeaji, kampuni huhesabiwa kuwa haipo. Ofisi iliyohama kutoka ghorofa ya tano kwenda ya tisa bila kubadilisha usajili inaweza kujikuta katika orodha hiyo ikiwa na wafanyakazi wake wote kazini. Kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2014, iliyokaa humo miaka mitatu bila kurekebisha iliingia katika orodha ya wakiukaji wakubwa wa sheria, ambayo wengi huiita orodha nyeusi. Orodha hizi hutazamwa na ofisi za zabuni, benki na wateja, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuzisoma.

Anayebeba mzigo mzito ni mtu mmoja, yaani mwakilishi wa kisheria. Sheria ya China inataka kila kampuni iwe na mtu wa namna hiyo, na jina lake huandikwa katika leseni. Kampuni ikishindwa kutekeleza hukumu ya mahakama na kuingizwa katika orodha ya wadaiwa wasioaminika, ambayo Mahakama Kuu ya Umma ilianza kuitangaza mwaka 2013, mwakilishi huyo anaweza kuzuiwa kununua tiketi ya ndege au ya treni ya mwendokasi. Baadhi ya kampuni za kigeni humteua meneja wa kati, au hata mtumishi aliyekwisha rejea kwao, kwa sababu tu jina lilihitajika siku ya usajili. Uteuzi wa namna hiyo si haki kwa mtu huyo, na ni hatari kwa kampuni yenyewe.

Maandalizi, kwa hiyo, huanza kwa kusoma rekodi. Kampuni inapaswa kutafuta namba yake katika mfumo wa kitaifa wa kutangaza taarifa za kampuni na katika tovuti ya Credit China iliyoanza mwaka 2015, kisha kulinganisha kila kilichoandikwa na nyaraka zake. Taarifa hizo zimeandikwa kwa Kichina, hivyo makao makuu yaliyo Nairobi, Hamburg au Dar es Salaam hayana budi kupata tafsiri yake kamili, badala ya kuridhika na muhtasari wa simu. Hatua inayofuata ni kumkabidhi mtumishi mmoja jukumu la kalenda nzima. Katika kampuni nyingi kodi ipo kwa mhasibu, forodha ipo kwa wakala, na mazingira yapo kwa meneja wa kiwanda, kila mmoja akidhani kuwa mwenzake anafuatilia. Mwezi Agosti, 2019, Chemba ya Biashara ya Umoja wa Ulaya nchini China ilitoa ripoti ikitahadharisha kuwa wanachama wake wengi hawakuwa wamejiandaa, na kwamba masharti yanayogusa kampuni yalifikia takribani 300.

Rekodi yenye makosa hupingwa. Sheria inaruhusu kuomba mapitio ya uamuzi wa kiutawala ndani ya siku 60 tangu kampuni ilipoufahamu, na shauri mahakamani kwa kawaida hufunguliwa ndani ya miezi sita. Rekodi iliyo sahihi husafishwa kwa utaratibu mwingine: kosa hurekebishwa, adhabu hulipwa, kisha maombi huwasilishwa. Kanuni zilizoanza tarehe 1 Mei, 2023 ziliweka muda wa kutangaza adhabu kuwa kati ya miezi mitatu na miaka mitatu, na usiopungua mwaka mmoja kwa makosa ya chakula, dawa, usalama kazini na zimamoto. Huduma hiyo ya kusafisha rekodi katika tovuti ya Credit China haitozwi ada. Wapo mawakala wanaodai fedha nyingi kwa ahadi ya kufuta rekodi kwa haraka, na kampuni hazina sababu ya kuwalipa.

Si kila hatari, hata hivyo, huepukwa kwa kutunza kalenda. Mwezi Aprili, 2018, mamlaka ya usafiri wa anga ya China iliyaandikia mashirika 36 ya ndege ya kigeni kuyataka yabadilishe namna yanavyoitaja Taiwan katika tovuti zao, huku ikirejea kanuni za uaminifu katika sekta hiyo. Marekani ilipinga hatua hiyo hadharani. Mfano huo unaonesha kuwa rekodi ya uaminifu inaweza kugusa masuala ya kisiasa, na maamuzi ya aina hiyo si ya mhasibu bali ya bodi. Vilevile, ipo Orodha ya Taasisi Zisizotegemewa iliyowekewa kanuni na Wizara ya Biashara ya China mwezi Septemba, 2020. Hiyo ni hatua tofauti, yenye misingi ya usalama wa taifa, na haipaswi kuchanganywa na mfumo unaoelezwa hapa.

Kwa Watanzania wengi, manufaa ya karibu zaidi ya mfumo huu yapo upande wa pili wa meza. Mfanyabiashara anayeagiza mashine au vifaa vya ujenzi kutoka China anaweza kumtaka muuzaji atoe nakala ya leseni yenye namba ya alama 18, na kuitafuta kabla ya kutuma malipo ya awali. Namba ya kampuni huanza na 91, na tarakimu sita zinazofuata huonesha eneo la usajili: 44 ni Guangdong, 33 ni Zhejiang, 31 ni Shanghai. Muuzaji anayejitambulisha kuwa kiwanda cha Guangzhou huku namba yake ikianza na 9133 huenda ana maelezo ya kuridhisha, lakini anapaswa kuyatoa. Rekodi ya wazi pia huonesha tarehe ya kuanzishwa, shughuli zilizosajiliwa, na iwapo kampuni imo katika orodha ya uendeshaji usio wa kawaida. Jina la Kichina lililo katika leseni lilinganishwe na jina la mwenye akaunti ya benki, herufi kwa herufi, kwa sababu jina la Kiingereza linaloandikwa katika ankara halina hadhi ya usajili nchini humo.