Teke la Cantona lilivyofichua ufa katika sheria ya matusi uwanjani

Mnamo Januari 25, 1995, mshambulizi Mfaransa wa Manchester United, Eric Cantona, alionyeshwa kadi nyekundu katika mechi dhidi ya Crystal Palace jijini London. Akitoka uwanjani, alimrukia kwa teke shabiki aliyekuwa akimtusi.

Chama cha soka cha Uingereza (FA) kilimpiga marufuku hadi Septemba 30 na kumtoza pauni 10,000, juu ya pauni 20,000 alizotozwa na klabu yake. Mahakama ilimhukumu kifungo cha wiki mbili; alipokata rufaa, kikageuzwa kuwa saa 120 za kuitumikia jamii. Shabiki alitozwa pauni 500 na kuzuiwa kuingia viwanjani kwa mwaka mmoja.

Tofauti hiyo haikukosa sababu, kwani kumpiga mtu ni kosa zito kuliko kumtusi. Hata hivyo, sheria ya 1991 iliyoharamisha nyimbo za kibaguzi viwanjani iliwalenga walioimba kwa pamoja. Aliyepayuka peke yake, hata akisikika jukwaa zima, hakuguswa nayo hadi iliporekebishwa mwaka 1999.

Siku hizi refa ana hatua tatu: kusimamisha mechi ili tangazo litolewe, kuwarejesha wachezaji vyumbani, kisha kuivunja mechi. Tatizo ni kwamba mtusiwa hulazimika kusubiri uamuzi wa mwingine. Januari 2013, Kevin-Prince Boateng wa AC Milan hakusubiri. Alipofanyiwa ubaguzi katika mechi ya kirafiki dhidi ya Pro Patria nchini Italia, aliupiga mpira jukwaani, akaondoka. Wenzake walimfuata, na mechi ikavunjika.