Deni Kabla ya Pilau: Kisomo cha Arobaini Kileo na Dai la Mabaki ya Tambiko

Kuna dai moja lenye wazazi wawili ambao kwa kawaida hawapeani hata salamu. Mzazi wa kwanza ni mhubiri wa Answari Sunna, na wa pili ni mtafiti wa mila. Kila mmoja kwa sababu zake hutuambia kwamba arobaini ya Waislamu wa Upare ni tambiko la mizimu lililovishwa kanzu. Mhubiri analisema ili desturi ife. Mtafiti analisema kwa furaha ya mtu aliyegundua kitu cha kale chini ya kitu kipya, kama J. Spencer Trimingham, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1964 kuhusu Uislamu wa Afrika Mashariki alipenda kuzitazama desturi kwa matabaka. Nimelikubali dai hili kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Kilichonitoa humo ni jambo dogo nililoliona Kileo, kata ya tambarare ya Wilaya ya Mwanga, chini ya milima ya Upare Kaskazini.

Yasiyo na ubishi tuyapite haraka. Maiti huoshwa, hukafiniwa, huswaliwa kwa takbira nne, huzikwa. Eda ya mjane asiye na mimba ni miezi minne na siku kumi. Wafiwa wengine mwisho wa maombolezo yao ni siku tatu, na Umm Habiba, mke wa Mtume, alikwisha kutuonyesha jinsi ya kuuweka mpaka huo: baada ya kifo cha baba yake, Abu Sufyan, aliagiza manukato akajipaka, si kwa kuyahitaji bali ili watu waone kwamba matanga yamekwisha.

Ugomvi unaanzia kwenye thawabu za kisomo: zinamfika maiti au hazimfiki? Hapa wanaojiita watetezi wa madhehebu ya Shafii hupewa ushindi wasioustahili, na wapinzani wao vilevile. Imamu Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, anaeleza kwamba kauli mashuhuri ya madhehebu ni kuwa thawabu za kisomo hazimfiki maiti, ingawa dua na sadaka humfika bila hitilafu. Lakini Nawawi huyohuyo, katika Al-Adhkar, anawanukuu Shafii na wafuasi wake wakipendekeza kusoma Qurani kaburini baada ya maziko. Kwa hiyo mtu anayesema Shafii alipinga na anayesema Shafii aliruhusu wote wana ukurasa wa kufungua. Sheikh Abdullah Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1968, aliandika vijitabu vya kupinga bidaa, na hitima haikunusurika. Kabla yake, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alikwisha kulalamikia ubadhirifu wa matanga. Lakini malalamiko ya Sheikh al-Amin yalihusu mfuko wa mfiwa, si mizimu. Tofauti hiyo ina uzito, na wanaowanukuu wazee hawa wawili kwa pumzi moja huipuuza.

Sasa nirudi Kileo. Katika msiba mmoja niliohudhuria, jeneza lilikuwa limekwisha kuwekwa mbele ya safu. Shehe aliuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, watu wakajibu kuwa alikuwa mwema. Kisha, kabla ya takbira ya kwanza, mtoto mkubwa wa marehemu akasogezwa mbele. Aliwaomba wazee wake na ndugu zake wamsamehe baba yake. Akasema kwamba yeyote anayemdai aje kwake, na anayedaiwa na marehemu naye asinyamaze. Mzee mmoja akainua mkono palepale na kutaja magunia mawili ya mahindi. Halafu akaja mtoto wa kike wa miaka minane hivi, amepita kando ya safu huku ameshika viatu mkononi, akamnong'oneza kijana yule: bibi fulani kule ndani anasema marehemu alimdhamini kwenye kikoba na fedha bado. Mama huyo hakuwa na nafasi katika safu, lakini deni lake lilifika kabla ya swala. Shemeji mtu akaandika yote kwenye daftari lilelile la rambirambi, ukurasa wa nyuma.

Mwanafikihi hatashangaa. Katika Sura ya Nisaa mirathi hugawanywa baada ya wasia na deni, na hadithi aliyoipokea Tirmidhi inasema nafsi ya muumini hufungwa na deni lake hadi lilipwe. Kinachonishughulisha ni safari ya daftari lile. Siku ya arobaini, baada ya Yasini na dua, kabla sinia za pilau hazijaondolewa majamvini, lilifunguliwa tena. Yaliyolipwa yakafutwa, mzee wa mahindi akasamehe gunia moja mbele ya watu, na ndugu waliotoka Usangi, Moshi na Dar es Salaam wakaingia ndani kumchagua msimamizi wa mirathi. Muhtasari wa kikao cha ukoo ukaandikwa ili upelekwe Mahakama ya Mwanzo. Sheria haiulazimishi muhtasari huo, lakini jaribu kwenda bila huo uone. Chini ya kanuni za 1971, msimamizi hupewa miezi minne tangu kuteuliwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni. Ukoo uliotawanyika hivyo utakutana lini kama si arobaini?

(Utani wa Watanzania kwamba Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku huenda una chembe ya ushahidi hapa: haya ni mazingira ambamo dai haliachwi kwa sababu tu mdaiwa amefariki.)

Tukilitazama hivyo, dai la mabaki linapoteza nguvu. Ni kweli kwamba Wapare walikuwa wakifukua mafuvu ya wazee na kuyahifadhi penye misitu ya koo, na kwamba waliyaendea wakati wa ukame au ugumba. Lakini katika tambiko mhitaji ni aliye hai. Anamwendea mfu kuomba. Katika kisomo mhitaji ni mfu. Yeye ndiye anayedaiwa, ndiye anayeombewa msamaha, na jamaa wanahangaika kwa niaba yake. Sioni jinsi desturi ya pili inavyoweza kuwa vazi la ile ya kwanza wakati mwelekeo wa haja umegeuzwa kabisa. Tena jirani Mlutheri naye ana arobaini yake na kikao chake cha ukoo. Hakuna anayemwambia kwamba amevalisha mizimu joho.

Najua nitajibiwa kwa hadithi ya Jarir bin Abdullah, kwamba kukusanyika kwa wafiwa na kupika chakula baada ya maziko kulihesabiwa kuwa ni maombolezo yaliyokatazwa. Katika siku za mwanzo Kileo inasalimika: kuni, makande na ndizi hutoka kwa majirani, kama Mtume alivyoagiza familia ya Jaafar ipikiwe baada ya kifo chake katika vita vya Muta. Siku ya arobaini hapana, wanaopika ni wafiwa. Ibn Hajar al-Haytami, Mshafii asiyeshukiwa Uwahabi, angeikataa sinia iliyotoka kwenye mali ya mayatima, na mimi sina hoja dhidi yake. Nitasema tu kwamba pilau linaweza kuondolewa na siku ikabaki. Anayefuta siku yenyewe kwa kuwa haina dalili, namba arobaini kweli haina, anapaswa kutuonyesha atakapolisomea daftari.

Pale msibani alikuwepo kijana wa Answari Sunna, mpwa wa marehemu. Wakati wa Yasini alikaa nje chini ya mwembe, na pilau hakuligusa. Daftari lilipofunguliwa aliingia, akavua viatu, akaketi karibu na mlango. Deni la kikoba alililipa yeye.