Uhamishaji wa Kiinitete

Katika kliniki za uzazi mama huambiwa, "Leo tunakupandikiza." Neno limezoeleka, lakini linatia chumvi kazi ya daktari. Yeye hupitisha mrija mwembamba kwenye shingo ya kizazi na kukiacha kiinitete ndani ya mji wa mimba. Kushika kwenye ukuta ni kazi ya kiinitete chenyewe, nayo huanza siku moja au mbili baadaye. Mama aliyeambiwa amepandikizwa hurudi nyumbani akijihesabu mjamzito, na majibu yakija kinyume hujiona ameipoteza mimba ambayo haikuwahi kutunga. Naona kinachofanywa na daktari kiitwe uhamishaji, na kujipandikiza tukiachie kiinitete.

Hapo hesabu ya siku nayo hueleweka. Umri wa kiinitete huanzia kurutubishwa kwa yai. Siku ya 3 huwa na seli zipatazo 8. Siku ya 5 au ya 6 huwa blastosisti: kifuko chenye maji, kikundi cha seli zitakazokuwa mtoto, na tabaka la nje litakaloshiriki kujenga kondo la nyuma. Ukuta wa mji wa mimba nao una siku zake za kukipokea kiinitete, chache tu baada ya homoni ya projesteroni kupanda. Blastosisti iliyochelewa ikihamishwa bila kugandishwa, huenda ikakuta ukuta umeshaitangulia.

Kugandisha kunatatua hilo. Ndani ya naitrojeni ya maji, nyuzi 196 za selisiasi chini ya sifuri, ukuaji husimama kabisa. Mtoto wa kwanza aliyetokana na kiinitete kilichogandishwa alizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1984. Siku hizi mama hupewa projesteroni kwa takriban siku 5, kisha blastosisti huyeyushwa na kuhamishwa, iwe iligandishwa siku ya 5 au ya 6.

Hata hivyo, za siku ya 5 bado hufanikiwa zaidi kwa wastani, kwa kuwa zinazochelewa mara nyingi huwa na ubora wa chini au kasoro za kromosomu. Za siku ya 6 si za kutupwa. Watoto wengi wenye afya wamezaliwa kutokana nazo. Na kinachopima zaidi uwezo wa kiinitete ni umri aliokuwa nao mwanamke mayai yalipotolewa, hata kama uhamishaji umefanyika miaka mingi baadaye.