Nani Aliyelipia Mifarishi ya Hisani?

Mfarishi wa viraka husifiwa kwanza kwa ubanifu wake. Mabaki ya gauni, pindo la shati kuukuu, kipande cha pazia: vyote huunganishwa, huwekewa pamba na bitana, hupigwa bandi, na kilichokuwa kikielekea jalalani kikamfunika mgonjwa. Sifa hiyo ni ya haki, lakini imeficha jambo kubwa zaidi. Katika historia ya mifarishi iliyoshonwa kwa ajili ya hisani, kitambaa kilichobaki kilikuwa sehemu ndogo ya zawadi. Sehemu kubwa ilikuwa kazi ya wanawake, pamoja na utaratibu walioujenga ili kazi hiyo imfikie mtu wasiyemjua. Mahali pa kulipima dai hili ni Marekani, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865.

Vita vilipoanza, jeshi la Kaskazini halikuwa na matandiko ya kuwatosha wagonjwa wake. Juni 1861 serikali iliidhinisha Tume ya Afya ya Marekani, chombo cha raia cha kuwahudumia askari wagonjwa na majeruhi, na Oktoba mwaka huohuo tume iliwaandikia wanawake wa nchi nzima ikieleza kinachohitajika. Mifarishi ilitajwa kwa kipimo: urefu wa futi 7, upana wa inchi 50, kwa kitambaa cha bei nafuu. Kwa kipimo hicho tume ilikuwa ikiagiza kazi kwa ajili ya kitanda chembamba cha hospitali; haikuwa ikiomba kila nyumba itoe ilichochoka nacho. Masanduku yalitoka vijijini yakaenda kwenye maghala ya miji kama New York, Boston na Chicago, yakafunguliwa, vitu vikachambuliwa, vikapigwa muhuri na kufungwa upya kwa aina. Hapo ndipo palipokuwa na ugumu wenyewe. Mama aliyeshona alitaka mfarishi wake uende kwenye kikosi cha mwanawe. Tume ilimtaka auweke katika ghala la wote, umfunike askari yeyote atakayeuhitaji. Uvumi ulienea kwamba maofisa walikuwa wakiiba au kuuza michango, na wanawake walioongoza matawi walilazimika kujibu kwa barua na taarifa, tena na tena. Inakadiriwa kwamba wanawake wa Kaskazini walitoa mifarishi na matandiko ya namna hiyo yapatayo 250,000. Iliyobaki leo ni michache mno. Ilitumika mpaka ikachanika, na mingine ikawa sanda. Makumbusho yamejaa mifarishi ya fahari, ile iliyokunjwa sandukuni na kutolewa siku za wageni, na anayeisoma historia kwa kuitazama hiyo tu atadhani ushonaji huu ulikuwa mchezo wa wenye nafasi.

Mtu anaweza kupinga kwamba uhaba ndio uliofanya yote: pamba ya Kusini ilizuiwa, bei ikapanda, na viraka vikawa havina mbadala. Uhaba ulikuwapo kweli, na ulifika mbali. Zanzibar, merikani ya viwanda vya Massachusetts, iliyokuwa imetawala soko la pwani na misafara ya bara, iliadimika, na wafanyabiashara wakageukia nguo za Uingereza na India. Lakini kama uhaba pekee ungetosha, Kusini ndiko ambako tungekuta utaratibu mkubwa kuliko wote, maana huko dhiki ilizidi hadi wanawake wakakata mazulia yao yawe blanketi. Walishona sana na kutoa sana, hata wakauza mifarishi ili kuchangia manowari, ila hawakupata chombo kimoja cha taifa zima cha kukusanya na kugawa. Misaada ilibaki mikononi mwa majimbo, miji na familia. Tena sehemu ya ushonaji wa huko ilifanywa na wanawake watumwa, na sifa ikachukuliwa na mabibi zao. Kusahau mkono ulioshona ni dhuluma, na hapo dhuluma hiyo ilikuwa sheria ya nchi.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kazi ya bure iliipunguzia serikali deni lililokuwa lake, na wanawake walinyonywa kwa jina la huruma. Nusu yake naikubali. Serikali iliyowapeleka vijana vitani ilipaswa kuwapa cha kujifunika. Ila utaratibu ule uliwapa wanawake mamlaka ambayo sheria iliwanyima. Mwaka 1863, Mary Livermore na Jane Hoge walisimamia maonyesho ya hisani mjini Chicago yaliyoingiza zaidi ya dola 70,000. Livermore aliandika baadaye kwamba mjenzi wa ukumbi hakuweza kuukubali mkataba wao mpaka waume zao watie saini, ingawa fedha zilikuwa mikononi mwao. Baada ya vita alikuwa miongoni mwa watetezi wakuu wa kura ya wanawake. Naye Elizabeth Keckley, fundi wa mavazi aliyejinunua kutoka utumwani mwaka 1855 kwa dola 1,200, alianzisha Washington mwaka 1862 chama cha kuwasaidia watu waliotoroka utumwa. Mke wa Rais Lincoln alimwandikia mumewe Novemba mwaka huo akiomba chama hicho kipewe dola 200, kwa kuwa wakimbizi wengi walilala bila matandiko, wakijifunika vipande vya zulia. Kwa watu hao Keckley hakusubiri tume wala wizara.

Ushonaji kama huo wa hisani ulijirudia Kanada katika Vita vya Pili vya Dunia. Mifarishi inayokadiriwa kufikia 400,000 ilivuka bahari kwenda Uingereza, kwa hospitali na familia zilizobomolewa nyumba kwa mabomu. Mingi ilishonwa kwa makoti ya zamani na sampuli za nguo za suti, nzito na isiyo na urembo. Kila mmoja ulipaswa kushonewa kitambulisho kidogo pembeni, kikitaja zawadi ya Msalaba Mwekundu wa Kanada. Jina la aliyeshona halikuandikwa, na ndiyo maana watafiti wanaozifuatilia familia zilizoihifadhi hupata kwa urahisi aliyefunikwa, na kwa shida sana aliyeshika sindano.