Picha za Kitabibu na Utambuzi wa Mchochota wa Tundu la Jicho: Mtazamo wa Kihistoria kutoka Mbweni

Mwaka 1905 tabibu Mjerumani Arthur Birch-Hirschfeld alieleza wagonjwa ambao macho yao yalitokeza kana kwamba yamesukumwa na uvimbe wa saratani, ilhali kiini kilikuwa mchochota. Eksirei, iliyogunduliwa mwaka 1895, haikuondoa utata huo kwa kuwa ilionesha mfupa, si misuli wala mafuta yazungukayo jicho. CT-Scan, iliyotumiwa kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza jijini London mwaka 1971, na baadaye MRI, ziliwezesha kutofautisha usaha uliotoka kwenye sainasi, misuli iliyonenepa kwa maradhi ya tezi ya shingo, na mchochota usio na chanzo bayana. Tofauti hiyo huamua tiba: steroidi hutuliza mchochota, lakini huweza kuzidisha maambukizi yasiyodhibitiwa na kuhatarisha uoni. Hata hivyo, zahanati haina mashine hizo. Mgonjwa wa Mbweni, pembezoni mwa Kinondoni, hupanda ngazi za rufaa hadi hospitali kubwa kama Muhimbili. Kwa hiyo, historia ya utambuzi huu haikamiliki kwa kutaja miaka ya uvumbuzi pekee. Sharti izingatie pia siku ambazo jicho linasubiri picha.